Zamu ya Kumgeuza Mama

Jumatatu ya kwanza ya muhula wa pili, mwaka ule mume wangu alipopunguzwa kazi serikalini, msichana wangu hakwenda shule. Alikuwa darasa la saba. Hakuna aliyemfukuza. Mimi ndiye niliyemwambia abaki.

Ndugu zangu, nitaeleza polepole, maana sijazoea kusimama mbele ya watu.

Mama mkwe wangu alipigwa na kiharusi akichuma kahawa. Hospitalini walimlaza, lakini miaka hiyo kila kitu kilikuwa cha kulipiwa: kitanda, dawa, hata glavu tulinunua sisi. Wauguzi nao walikuwa wamepunguzwa. Mwishowe wakatuambia, "Mpelekeni nyumbani, mumtunze." Walisema mumtunze, lakini wote waliniangalia mimi.

Mtu mzima asiyeweza kugeuka ni mzito. Nilimwosha, nikamlisha uji, nikafua matambara, halafu nikakimbia kuchuma majani chai ya watu ndiyo tule. Mume wangu alishinda nyumbani, lakini kwetu mwanamume hawezi kuona uchi wa mama yake. Kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa sababu hata maji hakuchota. Alisema ataitwa kazini tena, na kila Jumapili alipiga pasi suruali yake ya ofisi. Basi akabaki msichana.

Mnajua ngwatio, wanawake kulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Zamu yangu ilipofika walikuja na majembe. Nikawaambia, "Msilime. Naomba mkae na mama kwa zamu, mtoto arudi shule."

Mmoja mwenye ulimi akasema, "Ngwatio ni ya shamba. Kuketi na mgonjwa ni kazi gani?"

"Ingia umgeuze," nikamwambia.

Aliingia na mwenzake. Walikaa huko kitambo. Alipotoka, mgongo wa blauzi ulikuwa umelowa jasho.

"Ati huyu unamgeuza peke yako?"

"Na mtoto."

Akamtazama mume wangu mlangoni. "Na wewe, Baba, zamu yako ni siku gani?"

"Huyo ni mama yangu. Siwezi kumwosha."

"Nani amesema umwoshe? Maji ya mtoni yana uchi?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, niliogopa wakienda atanipiga. Hakunipiga. Kesho yake alichukua mtungi, akapitia nyuma ya migomba asionekane.

Msichana alirudi shule mwaka uliofuata, akarudia darasa na watoto wadogo kwake. Wanawake walikaa na mama, nami nikalima kwao zamu zangu zote. Shamba langu halikulimwa msimu huo. Nawaambia ukweli, tulilala njaa, na mama alinililia uji ambao sikuwa nao.

Nawashukuru wanawake wale. Wengine mko hapa. Nanyi mlio na wagonjwa nyumbani, mkiulizwa hali msiseme mko sawa. Ombeni msaada kwa mdomo, na muombe mbele ya wanaume.

Mama alituacha wakati msichana akiwa katikati ya mtihani wa darasa la nane. Hakuitwa mpaka akamaliza karatasi ya siku hiyo. Jioni alikuta wazee wa ukoo wamejaa uani, akaelewa. Nilimwona akifunga leso kiunoni.

Mzee mmoja akasema, "Huyu atatusaidia na chai ya waombolezaji kesho."

Nilimtazama mume wangu. Nilidhani atanyamaza kama siku zote.

"Kesho ako na mtihani," akasema. "Chai nitapika mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Asubuhi msichana alitoka na kalamu zake, macho yamevimba. Chai ilinuka moshi. Waombolezaji waliinywa hivyo hivyo.