Kikombe Kizima Bila Kukohoa

Dada mmoja kwenye basi alikuwa akipitia karatasi za utafiti wake kuhusu watu wanaoshindwa kumeza baada ya kiharusi. Mama fundi cherehani, futi shingoni, akachungulia, kama mimi tu.

“Mwanangu, sisi hayo tumeyamaliza. Mume wangu alipopata kiharusi, daktari alimruhusu uji mzito tu. Jana nimempa chai, kamaliza kikombe.”

“Hakukohoa?”

“Hata kidogo!”

Nusura nimpe hongera. Dada akakunja karatasi. “Mama, koo likifa ganzi halikohoi. Chai inaweza kupita kimyakimya mpaka mapafuni. Leo anapumuaje?”

“Anakoroma. Nikasema ni usingizi mtamu.” Akaishika futi kwa mikono miwili. “Nimemwachia chupa nzima ya chai kitandani.”

“Shusha!” wakapaza sauti wote wawili, na basi likasimama pasipo kituo.