Shimo la Nungunungu Lina Milango Miwili

Kijiwe chetu kipo Karatu, ubavuni mwa mashine ya kusaga, na mwenye birika ni mimi. Mwaka ule sukari iliadimika, basi watu wakawa wanakunywa kahawa chungu na kuitilia maneno. Wa kudumu ni Hhando, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, na Patrisi Kamishna, ambaye hajawahi kuwa kamishna wa chochote. Asubuhi hiyo alikuja jirani yetu Tluway, macho mekundu. Mkewe amefunga nguo zake, yumo mashineni anasubiri unga usagwe tu arudi kwao Endabash. Tangu wamzike mtoto wao Piusi, nyumba ile ilikuwa kimya.

— Nungunungu wanamaliza viazi shambani, akasema Tluway. Nawaza nimwombe twende tukawinde, kama tulivyokuwa tukifanya tulipooana. Shimo lao lina milango miwili. Huku mmoja anatia moshi, kule mwenzake anasimama na mkuki. Tulikuwa tunacheka, jamani!

— Mke na mkuki? Redio akaruka. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi!

— Methali hiyo inaingiaje hapo? nikamuuliza.

— Nyasi si ziko porini? Ila wazo nalikubali. Tazama simba wa kule kreta. Wanawinda mume na mke. Umeshasikia simba kaachana?

— Anayewinda ni jike, wewe, nikamwambia. Dume linakuja kula.

— Ndiyo ndoa yenyewe hiyo!

Kamishna akaweka kikombe chini, maana yake anahutubia.

— Siri ni moshi. Ukiingia machoni, machozi yanatoka, na hasira zinatoka humo humo. Serikali ichimbe shimo kila kata. Wanandoa wakigombana, wanafukizwa.

— Na mahakama ya mwanzo je? nikauliza.

— Inafungwa! Hakimu akate kuni.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, Redio akaongeza. Wafukizwe wameinama!

Tluway hakucheka.

— Ninyi mnafanya mchezo, ndugu zangu. Mimi yule nampenda. Akipanda gari leo, nimekwisha.

Tukaona haya. Nikammiminia kahawa nyingine, hakuigusa.

Pembeni alisimama mama mmoja aliyetoka kijiji cha Nainokanoka, Nanyokie, naye anangoja unga wake huku akitusikiliza. Kahawa yangu alikuwa ameionja akakunja uso, nami nilishamchukia kidogo.

— Baba, akamwambia Tluway, huko shimoni mnyama akitoka ghafla, mkeo unamwita nani?

— Kwani? Si namwita...

Akakwama. Mkewe kwetu sote alikuwa Mama Piusi, na jina hilo tangu mazishi lilimshinda mumewe kulitamka. Siku hizi ni "wee" na "sikiliza". Na sisi je? Tulikuwa tunamsalimia chinichini na kupita haraka, hatumwiti chochote.

Mashine ikazimwa. Mkewe akatoka, mfuko wa unga mgongoni, akaelekea barabarani. Tluway akasimama.

— Antonia!

Yule mwanamke akashtuka kusikia jina lake la usichana, akautua mfuko.

— Nani amekufa?

— Hakuna. Hakuna aliyekufa, Antonia. Nungunungu wanamaliza viazi. Nakuomba twende tukawawinde, wewe na mimi.

Akamtazama, unga umemjaa kwenye nyusi.

— Kifua chako hakiwezi moshi, akasema. Moshi natia mimi.