Matanga Yalianuliwa Nikiwa Kwenye Mtihani

Shikamooni wazee wangu. Anayeitikia amani ya Bwana aitikie, anayeitikia salamu aleikum naye aitikie, maana katika chama chetu hiki cha kuzikana hatuulizani dini tukishabeba jeneza. Mwenyekiti ameniambia nisimame niseme yaliyonipata, na nikilia nisione aibu. Mwenyekiti, usiwe na wasiwasi. Kulia ndiko kulikonishinda, na ndiyo habari yenyewe.

Wengi mnanijua. Nilitoka hapa Ilongero kwenda chuo kikuu kusoma hali ya hewa. Mama yangu alinitania mbele za watu: "Wenzake wanasoma udaktari, wanasoma ualimu, huyu wangu anasoma mawingu. Sijui mawingu yanaajiri!" Akishamaliza kucheka, ananipigia simu: "Haya mtaalamu, alizeti nipande au ningoje?" Nampa utabiri wote, naye anapanda siku anayotaka mwenyewe.

Mwaka wa pili, nikiwa katikati ya mitihani, simu ya mama ikawa haipatikani. Nikampigia mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja. Nikamwambia nipe mama niongee naye.

Akasema, "Amelala."

"Basi mwache apumzike," nikamwambia.

"Haya mwanangu. Tumemwacha."

Ndugu zangu, nawaambia, mama mdogo hakudanganya hata neno moja. Mama alikuwa ameshafariki alfajiri ile, presha. Na ninyi mnaijua desturi yetu: mtoto akiwa kwenye mtihani haambiwi msiba, asije akaanguka. Wazee walikaa wakapitisha hivyo. Sisemi kwa kulaumu. Wakati ule sikuwa hata na nguvu za kulaumu.

Kesho yake nilifanya mtihani wa fizikia ya angahewa. Tulipotoka, tukaingia chumba cha kompyuta, tukafungua picha za satelaiti. Nikaona wingu zito limekaa juu ya Singida. Nikashangilia, nikawaambia wenzangu, leo alizeti ya mama inakunywa maji. Saa ile ninyi mlikuwa makaburini, mmesimama kwenye tope, mnamzika. Nilikuwa nawatazama kutoka juu na sikuwa najua ninachotazama.

Mitihani ikaisha. Mjomba akanipokea stendi ya Singida, akachukua begi langu, akaniambia palepale pembeni ya bodaboda. Nikamuuliza lini, akanijibu. Nikamuuliza kama amekula. Mjomba akanitazama sana.

Nyumbani nikakuta turubai limeshushwa, masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe, matanga yameanuliwa. Watu walishalia wakamaliza, wanaongea habari za palizi. Nikapelekwa kaburini. Nikasimama. Hakuna kilichonijia. Ukiukalia mguu vibaya ukafa ganzi, ukiugusa unajua ni wako, lakini haukuambii kitu. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

Kuna waliosema elimu imenikausha. Nilisikia, tena wengine mpo hapa hapa, msiinamishe vichwa. Hata hilo halikuniuma.

Matokeo yakatoka. Ule mtihani mlionilindia niliufaulu, tena vizuri. Nikarudi chuoni, lakini mwalimu akiweka picha ya mawingu ukutani mimi natazama meza. Nikaacha kuandika, halafu nikaacha kuingia darasani. Nikaahirisha masomo, nikarudi nyumbani. Chuo kikanipa muda: nisiporipoti muhula ukifunguliwa, nafasi yangu inafutwa. Baba akawa ananiuliza, "Utarudi mwanangu?" Namjibu, "Sijui baba." Na kweli sikujua, wala sikujali. Hiyo ndiyo hatari ya ganzi, haipigi kelele. Mwenye maumivu mtamkimbiza hospitali. Mwenye ganzi anawachotea maji na mnasema ametulia.

Muhula ukakaribia. Jioni moja mvua ikawa inakuja, nami nimekaa kibarazani. Mama mdogo akapaza sauti kutoka jikoni, "Anua nguo, hulioni wingu hilo? Na wewe ndiye msomi wake!"

Nikamjibu, "Nguo naanua. Matanga mlianua wenyewe."

Sikujua maneno yale yalitoka wapi. Sikuwa na hasira. Yalitoka tu, kama mtu anayetaja saa. Mama mdogo akatoka jikoni, akakaa chini mlangoni. Mvua ikanyesha, nguo zikalowa zote kambani, hakuna aliyeinuka.

Kesho yake akaja kwenu, kwa kina mama wa chama hiki, akaomba mnitandikie matanga. Mama mmoja mkubwa, namheshimu, akakataa. Akasema, "Matanga hayatandikwi mara mbili. Ni kuita msiba mwingine." Mama mdogo akamwambia, "Huyu hajatandikiwa hata mara moja."

Basi mkaja mchana. Mkatandika mikeka uani, mkakaa chini na vitenge vyenu viunoni, mkabandika uji, kama vile habari imeingia siku ile. Baba akakaa na wanaume upande wa ukuta. Mama mdogo akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mwanangu, mama yako amefariki." Ninyi mkaanza kulia. Mlimlia mtu mliyekwisha kumlia, na machozi yalikuwa ya kweli.

Mimi sikulia. Najua mlikuwa mnangoja. Nilisikia ardhi ina baridi chini ya mkeka, halafu nikasikia njaa. Njaa kabisa. Sikuwa nimeisikia tangu stendi. Nikaomba uji, nikanywa, nikaomba tena. Chozi lilikuja baadaye, namenya viazi, hakuna mtu karibu. Likaja moja, likaja jingine.

Nikaripoti chuoni. Sasa namalizia mwaka wa mwisho. Picha za mawingu naziangalia. Sizifurahii bado, lakini naziangalia, na kuna siku zinaniteka mpaka nasahau kula. Sijapona yote, nisiwadanganye.

Namshukuru mama mdogo. Namshukuru baba, aliyeuliza kila siku bila kunisukuma. Namshukuru na yule mama mkubwa aliyekataa, maana siku ile mkeka wake ndio uliotangulia kufika.

Kama kumficha mtoto msiba ni vizuri au vibaya, hilo mtaamua wazee, mimi bado ni mdogo. Ombi langu ni moja. Mkimficha, jueni siku atakayofika nyumbani ndiyo siku ya msiba wake. Ninyi mtakuwa mmechoka, mmeshapalilia, mmeshaanza kucheka tena. Kaeni naye chini hivyo hivyo mlivyochoka. Anayefika wa mwisho naye ni mfiwa.