Mhandisi Emiliana na Biti Mbili Zilizotuponyoka

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutukatalia, Mhandisi Emiliana Chidawali anastaafu kutoka kitengo cha mawasiliano cha mtandao wetu wa kusambaza damu hapa Kizota, Dodoma. Neno "kutukatalia" limepitishwa na kamati ya sherehe kwa kauli moja.

Aliyefanya naye kazi anajua. Ujumbe ukifika na dosari hata ndogo, aliurudisha ulikotoka. Zahanati zikilalamika, alisema, "Tumeni tena." Mvua ikivuruga mawimbi ya redio huko milimani, "Tumeni tena." Chai ilitupolea vikombeni. Wapo waliomwita Mama Tena, na aliitika.

Sisi nasi tulimchosha. Kwa miaka mingi aliwaeleza wakubwa kwamba ukaguzi wa mitambo yetu ulikuwa mwepesi mno: kila herufi husafiri kama mfuatano wa sifuri na moja, ziitwazo biti, na mashine ilihesabu tu hizo moja na kuangalia kama idadi yake ni shufwa. Ikigeuka biti moja njiani, kosa linaonekana. Zikigeuka mbili, idadi inabaki shufwa, na kosa linapita limevaa suti. Alitaka ukaguzi mzito zaidi, unaopiga hesabu ya ujumbe mzima na kulinganisha jibu la mtumaji na la mpokeaji. Akaambiwa utachelewesha kazi. Akaomba upya. Wakaunda kamati. Kamati ikaomba muda. Mwishowe wakamruhusu kuujaribu kwenye kituo kimoja tu, cha milimani Kondoa, tena pembeni, bila kugusa ule wa zamani.

Asubuhi moja ya masika, kituo hicho kiliomba damu ya kundi B kwa ajili ya Asma, mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Ukaguzi wa zamani ukakubali. Wa Emiliana ukakataa. Gari lilikuwa limeshawashwa, na mkuu wa zamu, Meshack, uvumilivu ulikuwa umemwisha.

"Dada Emiliana, mashine imeshapitisha! Mama wa watu anakufa huko!"

"Ndiyo maana gari haliondoki," alijibu, redio ya upepo mkononi. "Kondoa, tumeni tena. Halafu mnitajie kundi kwa mdomo."

Ujumbe ukaja upya: kundi A. Muuguzi wa kituo hicho, Naima, akathibitisha kwa sauti: A. Katika lugha ya mitambo, herufi hizo mbili zinatofautiana kwa biti mbili tu. Naima angeligundua kosa wakati wa kupimanisha damu ya mfuko na ya mgonjwa, lakini Asma asingeweza kusubiri safari ya pili kutoka Dodoma. Meshack alishusha kasha la damu mwenyewe, akapakia jingine. Jioni Naima akapiga simu: damu imekoma, mama anaomba uji.

Mwaka huohuo ukaguzi mpya ulifungwa vituo vyote. Waraka wa pongezi ukamshukuru mkandarasi aliyeufunga! Tunaandika haya ili angalau mahali pamoja jina liwe sahihi.

Sasa anahamia kwenye shamba lake la zabibu Makutupora, ambako tunasikia ameshagombana na fundi bomba.

Mhandisi, umetuchosha, nasi tumekuchosha. Asante kwa kila ulichokikataa. Mungu akujalie afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na majirani wasikivu kuliko sisi.