Mzee Kawaida na Vipandio Themanini na Nane

Baada ya miaka thelathini na tatu na miezi minne ya utumishi, tarishi wa maabara yetu anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni fundi wa maabara ghorofa ya nne, amepewa kazi hii kwa sababu, kwa maneno ya Daktari Mkuu, ndiye "anayemjua kwa undani kuliko sisi sote," damu yake ikiwemo. Kusema kweli, mwandishi ameuanza wasifu huu mara tano na kuuchana mara nne. Kila akifika katikati anagundua kwamba hajui tena kile alichodhani anakijua.

Tuanze na yasiyo na utata. Mstaafu wetu aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, akalinda geti la nyuma kwa mwaka mmoja, kisha akapewa mkoba wa ngozi na kuwa tarishi. Mkoba ni ule ule mpaka leo, ila kamba imebadilishwa mara saba. Amebeba barua, mirija ya damu, maboksi ya barafu, na wakati mmoja mtoto mchanga wa karani, mama yake alipokuwa kwenye usaili. Hajawahi kupoteza barua hata moja. Iliyochelewa ni ile ya kumpandisha cheo yeye mwenyewe: iliandikiwa mkuu wa kitengo aliyekuwa likizo, naye aliitembeza mkobani wiki mbili nzima bila kuchungulia. Siku mvua ilipomkuta njiani na boksi la sampuli, alilifunika boksi kwa koti lake, akafika yeye amelowa chapachapa na sampuli zikiwa kavu.

Watumishi wa ghorofa za chini hutusikia tukitaja neno endofini kwenye foleni ya chai, basi nieleze kidogo. Hizi ni kemikali ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, bila kumwomba ruhusa mfamasia. Hupunguza maumivu, na inasemekana ndizo zinazoleta ile raha ya mtu aliyetoka kukimbia, aliyecheka mpaka mbavu zikamuuma, aliyeimba na wenzake au aliyekumbatiwa. Nasema "inasemekana" kwa makusudi. Miezi mitatu iliyopita nisingelitumia neno hilo.

Miaka kumi na moja iliyopita maabara ilianza kupima endofini katika damu ya wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Ukimpima mgonjwa, lazima uwe na mzima wa kumlinganisha naye, hivyo watumishi sita wakajitolea. Karani wa masjala alizirai alipoiona sindano, na wala haikuwa yake. Wawili wakahamishwa, mmoja akajifungua, mmoja akaacha kuja bila kutoa sababu. Akabaki tarishi. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, nilimpigia simu mapokezi, naye akaja bila kukosa. Ndiyo, mtu mmoja hatoshi kuwa kipimo cha watu wote. Tulilijua hilo hata wakati ule, na kila mwaka tulisema mwakani tutatafuta wengine.

Kwa kuwa majina ya watu hayaandikwi kwenye mirija, mirija yake iliandikwa KAWAIDA, na jina likamganda. Hata mkewe akipiga simu huuliza kama Kawaida ameshakula. Damu yake ikachorwa kwenye karatasi kubwa ukutani kwa mstari mwekundu, juu kabisa, na nukta za wagonjwa zikakaa chini, mbali nao. Wageni waliokuja walioneshwa mchoro ule kwanza, kabla hata ya kuoneshwa choo. Ulikuwa mchoro mzuri, na ulieleweka kwa kuutazama tu: wenye maumivu wamepungukiwa, mwenye furaha amejaaliwa.

Hapa mwandishi anaomba aache kujiita mwandishi, maana linalofuata linanihusu mimi.

Miaka tisa iliyopita nilijipima. Mashine ilikuwa wazi, mirija ilikuwepo, nikajitoa damu mwenyewe. Kiwango changu kilikuwa theluthi moja ya kile cha Mzee Kawaida. Nikarudia, ikawa vilevile. Sikumwambia mtu kazini, lakini niliamini. Nikasema kumbe ndiyo sababu mimi si mcheshi, kumbe nimeumbwa na kibaba kidogo cha furaha na hakuna wa kuniongezea. Mke wangu hutembea kila jioni mpaka uwanja wa shule na kurudi. Zamani alikuwa akinisubiri mlangoni, "Baba, twende basi, hata nusu ya njia." Baada ya kipimo kile nilimjibu kitaalamu kwamba kwangu mimi haisaidii, ndivyo nilivyo. Aliniuliza miaka miwili, kisha akaacha kuuliza. Amekuwa akienda peke yake miaka saba, na mimi nikimwangalia dirishani kwa moyo mkunjufu wa mtu mwenye ushahidi wa kisayansi.

Sasa tuje mwezi wa tatu mwaka huu, lifti ilipotengenezwa. Lifti yetu ilikuwa imekufa miaka kumi na minne, na wengine tulishaizoea kama kabati. Ikafufuka siku ya Jumanne. Alhamisi ya kwanza iliyofuata nikampima Mzee Kawaida, na mstari mwekundu ukaanguka mpaka kwenye nukta za wagonjwa.

Nilidhani mashine imeharibika. Tukaisafisha, tukaisawazisha, tukaagiza kemikali mpya, tukapima tena. Ukaanguka palepale. Daktari Mkuu akavua miwani, akaivaa, akasema polepole kwamba kama mashine ni nzima, basi mgonjwa ni Kawaida. Kustaafu kunakaribia, akasema, mzee anaumia ndani kwa ndani na hasemi. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini siku ile tulikuwa wanane chumbani na likaharibika.

Tukaanza kumfariji. Masjala wakamletea kiti chenye mto. Mhasibu akamshika mkono kwa muda mrefu kupita kiasi. Mshauri wa afya ya akili aliitwa kutoka jengo la pili, akakaa naye saa nzima, na baadaye aliniambia hajawahi kucheka vile akiwa kazini, ila kwa kuwa kipimo kinasema ana huzuni, amemwandikia arudi tena. Mzee mwenyewe, ambaye hajawahi kubishana na daktari, alianza kutuamini. Nilimkuta kwenye korido amesimama na mkoba wake, akanivuta pembeni. "Fundi, niambie ukweli. Nina huzuni, eeh? Mbona mimi siioni?" Nyumbani nako, mkewe alikuwa na wasiwasi wake: vitambaa vya jasho vilikuwa vinarudi vikavu.

Aliyetutoa gizani ni mama wa usafi, ambaye hakuwa ameulizwa na mtu yeyote. Aliingia kuchukua takataka akatukuta tumeuzunguka mchoro kama wafiwa. Akasikiliza kidogo, akaegemea fagio lake. "Jamani, nyie wasomi nyie. Huyu zamani si alikuwa anazipanda ngazi mbio, mbili mbili, na viatu vyake vya matope? Mkimwita tu, huyooo, kama anafukuzwa na nyuki. Kila ghorofa anarusha utani, wanacheka huko, mimi napiga deki upya. Siku hizi anapanda lifti. Mwacheni, ngazi zangu safi."

Kutoka mapokezi mpaka kwetu ni vipandio themanini na nane, nimevihesabu juzi. Kwa miaka yote ile Mzee Kawaida alikuwa akiviparamia kwa sababu daktari akiita, asingojeshwe. Na kwa kuwa si adabu kuingia kwa wakubwa ukihema, alikuwa akisimama nje ya mlango wetu dakika moja, anafuta jasho kwa kitambaa kimoja, anakirudisha mfuko wa suruali, anachomeka kingine kikavu mfuko wa shati, ndipo anabisha. Mkewe amevipiga pasi vitambaa hivyo viwili viwili kwa miaka kumi na moja. Mimi ndani nilikuwa naona mtu mtulivu, nadhifu, anayetabasamu. Namkalisha, natoa damu.

Fomu yetu ina kisanduku kidogo kinachouliza kama mtu amepumzika nusu saa kabla ya kutolewa damu. Nilikitia alama ya vema kila mwezi. Sikumwuliza hata mara moja. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu utotoni. Kosa moja haliachi mke, pia tunaambiwa. Lakini langu lilikuwa kosa moja mara mia moja na ishirini na kitu. Hakuna mgonjwa aliyepewa wala kunyimwa dawa kwa sababu ya mchoro ule, nashukuru kwa hilo. Daktari Mkuu ameandika barua za kuiondoa kwenye majarida ripoti tuliyoichapisha na mchoro ule, nami nimeziwekea sahihi. Ukutani kumebaki alama nne za gundi.

Basi nikadhani nimeelewa: furaha yake ilikuwa ngazi, ngazi zimeisha, furaha imeisha. Nikamweleza Daktari Mkuu kwa fahari kidogo. Akatikisa kichwa. Alisema endofini zinazoelea kwenye damu na zile zinazofanya kazi kichwani ni wapangaji wa nyumba mbili, na kati yao kuna ukuta ambao hazivuki kirahisi. Tulichokuwa tukipima mkononi huenda hakikujua lolote la kichwani. Nikamwuliza, sasa kipimo changu cha miaka tisa iliyopita kilionesha nini? Akanitazama kwa huruma, maana hakujua kama nilijipima. "Kilionesha ulikuwa umekaa," akasema.

Ijumaa iliyopita nilimpima Mzee Kawaida kwa mara ya mwisho, safari hii kwa kufuata fomu. Alikaa nusu saa kamili, saa ya ukutani ikiwa shahidi. Lakini kukaa kwake si kukaa kwetu. Alisimulia habari ya karani aliyezirai, akaigiza alivyoanguka, mimi nikacheka mpaka nikalazimika kuiweka sindano chini. Majibu yalipotoka nikayalinganisha na yangu, ya damu niliyojitoa palepale. Yangu yamezidi yake kidogo. Nilimwonesha karatasi. Akaisoma, akaigeuza nyuma kama anatafuta mzaha ulioandikwa huko, kisha akacheka yeye, machozi yakamtoka. "Kumbe wewe ndiye mwenye nyingi, fundi! Umezificha wapi miaka yote hii?"

Sijui. Ningependa kuandika kwenye wasifu huu chanzo cha furaha ya mtu huyu, na kamati ya sherehe ilitarajia hivyo. Siwezi kusema ni damu, kwa kuwa nimeipima. Wala si ngazi peke yake, kwa kuwa kwenye lifti pia huchekesha watu, na mhasibu sasa hupitiliza ghorofa yake makusudi. Labda ni mkewe na pasi yake, labda ni mbio zile, labda ni kutokubali kumngojesha mtu. Nimechanganyikiwa, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii sioni haya kusema hivyo.

Ninachojua ni hiki. Jioni ya Ijumaa ile nilimkuta mke wangu mlangoni anafunga kamba za viatu. Nikamwambia anisubiri. Akaniuliza kama naumwa. Nilipomwambia siumwi, akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Tulitembea. Kona ya pili nilikuwa nahema, ya tatu nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, naye amesimama mbele yangu ananicheka, mikono kiunoni, kama alivyokuwa akinicheka kabla sijawa mtaalamu wa furaha. Nikacheka na mimi. Kilichokuwa kwenye damu yangu wakati ule hakuna aliyekipima, na miaka saba aliyokwenda peke yake hairudi. Nimemwomba radhi. Amesema tutaongea tukifika uwanjani, kwa hiyo itabidi nifike.

Mzee wetu, maabara inakupa saa ya mezani na cheti, na inakushukuru kwa kila barua, kila boksi, na kila mrija. Wewe umeniachia kitambaa kimoja cha jasho, kimekunjwa mara nne, nacho nimekipokea kwa mikono miwili. Mama nyumbani tunamshukuru kwa pasi. Nendeni mkaishi vizuri, mpate afya na wa kucheka nao, na asiwepo fundi wa kuwaambia mmepungukiwa.

Sherehe ya kumuaga itafanyika ghorofa ya nne, tarehe thelathini, saa nane mchana. Wageni wote mnaombwa kutumia lifti. Mimi na mke wangu tutapanda kwa ngazi. Mkisikia watu wanahema nje ya mlango na hawabishi, msifungue, tunafuta jasho kwanza.