Béatha Mukeshimana, Aliyerudisha Miti ya Kwao Mteremkoni Kimisagara

Ndugu, jamaa, majirani wa Kimisagara na wote mliofika hapa Rusororo leo, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025: huyu tunayemzika ni dada yangu, Béatha Mukeshimana, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Alida. Mimi ni Akimana, mdogo wake. Binti yake, Alida, aliniomba niandike wasifu huu kwa upole. Nilimwahidi kuwa mpole kadiri maisha ya mama yake yatakavyoniruhusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1960 mkoani Ruyigi, Burundi, mtoto wa pili wa Mzee Mathias na Mama Kabagwira, ambao miezi michache kabla walikuwa wameikimbia Nyanza, huku Rwanda, kwa miguu. Alibatizwa mwaka huohuo. Mama yetu alikuwa na tabia ya kutembea porini na watoto, akiita kila mmea kwa jina la Kinyarwanda: umusave, umuko, umubirizi. Siku moja Béatha akamuuliza, miti hii ilikimbia lini na yenyewe? Mama alicheka hadi akakaa chini, kisha akamwambia kwamba miti ilikuwepo pande zote mbili za mpaka, watu ndio waliogawanywa.

Alisoma shule ya msingi palepale Ruyigi, akamaliza mwaka 1974. Nafasi za sekondari kwa watoto wa wakimbizi zilikuwa za kutafutwa kwa tochi, lakini masista walimpokea katika shule ya kilimo karibu na Gitega, naye akapata diploma yake mwaka 1981. Ninawaomba mkumbuke hiyo diploma, kwa sababu wapo waliokuja kumfundisha mwanamke huyu kichaka ni nini na bustani ni nini.

Alifanya kazi kwenye kitalu cha maua Bujumbura hadi tuliporudi nyumbani Rwanda mwaka 1995. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2012 alisimamia kitalu kikubwa cha mimea ya mapambo huko Remera. Mitende ya mahoteli, maua ya maharusi, nyasi za pasparumu za maofisi na za viwanda vya Masoro, nyingi zilipita mikononi mwake. Kwa hiyo asije mtu kusema dada yangu hakujua uzuri wa bustani safi. Aliuuza uzuri huo miaka kumi na sita.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Gratien Kubwimana, fundi wa magari, katika parokia ya Buyenzi, Bujumbura. Walijaliwa watoto watatu. Shemeji Gratien ndiye aliyemgeuza, na alimgeuza kwa utani. Mwaka 2011 alikwenda kumsubiri kitaluni, akakaa kutwa mbele ya safu ya mitende. Jioni akamwambia, “Mama Alida, mimi nakaa hapa tangu asubuhi. Hii miti yako hata ndege haiikalie. Iko kama ya plastiki.” Béatha alinuna njia nzima kutoka Remera mpaka Kimisagara. Lakini wiki iliyofuata alianza kuichunguza ile mitende yeye mwenyewe, na akaona mume wake amesema kweli. Mkataa kwao mtumwa, akaniambia kwenye simu, na mimi nimekuwa nikiuza utumwa kwenye vyungu.

Mnaujua mteremko ulio chini ya nyumba yao, unaoshuka hadi kwenye ruhurura, ule mfereji mkubwa wa maji ya mvua. Ni kiwanja chao, hati wanayo. Zamani ulikuwa na pasparumu, na kila masika udongo uliteleza juu ya nyasi zile na kuishia mferejini. Baada ya kuacha kazi mwaka 2012, marehemu aliung’oa wote. Akapanda imisave na imiko, akapanda imibirizi na imiravumba, na chini kabisa akaweka matete ya urubingo kushika ukingo. Mbegu alizikusanya mwenyewe, nyingine akaziomba kwa wazee wa Nyanza. Mwaka wa tatu ndege wadogo wa chozi walikuja kunyonya maua mekundu ya umuko, wakafuatwa na nyuki na vipepeo. Udongo ukatulia. Majirani nao wakaanza kubisha hodi asubuhi: huyu anataka umubirizi wa tumbo, yule anataka umuravumba wa kikohozi cha mtoto. Hakuna aliyerudi mikono mitupu. Hao majirani ninawaona hapa, na wananiona.

Mwaka 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Jumamosi ya tarehe 22 Februari mwaka huu alikuwa amelazwa hospitali. Asubuhi hiyo ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, na ile kamati ya urembo ya mtaa wetu, kamati iliyojiunda yenyewe kwa ajili ya mashindano ya usafi, iliwapeleka watu wenye mapanga kwenye mteremko wake “kuondoa ibihuru,” yaani vichaka. Wakafyeka kila kitu. Miti ya miaka kumi na mitatu ililazwa kabla ya watu kwenda kunywa chai. Na mnajua walichokiacha? Waliacha lantana. Lile gugu la kigeni, ambalo marehemu alipigana nalo tangu siku ya kwanza kwa sababu linanyonga mimea mingine, waliliona lina maua ya rangi rangi wakasema, hili ndilo alilopanda mwenyewe. Wakalizungushia mawe yaliyopakwa chokaa. Wakapiga picha mbele yake.

Aliporudi nyumbani, mwenyekiti wa kamati hiyo, Bwana Mutsinzi, alikuja kumpa pole. Mimi nilikuwepo. Alisema, “Mama, utusamehe. Sisi tulifikiri iko ibihuru tu.” Dada yangu akamjibu bila kupaza sauti, “Mutsinzi, mwaka jana ulikohoa mwezi muzima. Hiyo dawa ulikunywa, niliichuma kwenye hiyo ibihuru.” Akamkaribisha chai. Mimi nisingemkaribisha hata maji.

Mwezi wa Aprili mvua ilifanya ilichofanya. Mteremko ulibomoka, tope likaingia jikoni kwa jirani yetu Iradukunda na kuangusha ukuta. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Na marehemu, ambaye daktari alimkataza hata kupanda ngazi, aliweka kigoda chake juu ya mteremko, akawa anaelekeza na Gratien anachimba. Iradukunda naye alikuja na jembe lake, tope la jikoni kwake likiwa halijakauka. Wakapanda miche upya. Visiki vya imiko vilichipua vyenyewe, maana mti wa kwao haukati tamaa upesi.

Mimi si daktari. Sisemi panga ndilo lililomuua dada yangu. Nasema tu kwamba moyo uliokuwa unaumwa uliongezewa mzigo, na waliouongeza hawakuwa na haraka ya kuutua. Mwezi wa Oktoba alizidiwa. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, Gratien akiwa amemshika mkono. Padre alikuwa ameshampa sakramenti.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Juzi Alhamisi, kwenye kilio, Bwana Mutsinzi alisimama na kusema, “Mama Alida alikuwa mama yetu sisi wote. Ile fasi yake tutaitengeneza vizuri, tuweke pasparumu, tuweke na banc yenye jina lake. Siku ya Jumatatu nyasi itafika.” Watu wakapiga makofi. Gratien akainamisha kichwa. Kwetu sisi, kwenye kilio, anayetoa hakataliwi mbele za watu, na aliyefiwa habishani. Kamati ikauhesabu ukimya wa mfiwa kuwa ndiyo.

Lakini desturi tunayo nyingine. Wasifu wa marehemu ukisomwa, hakuna anayemkatiza msomaji. Kwa hiyo nawajibu hapa, kwa niaba ya shemeji yangu Gratien, ambaye jana usiku aliniambia niseme, na kwa niaba ya watoto: hatutaki. Hatutaki pasparumu, hatutaki mitende, na banc, hilo benchi lenu, mkalikalie wenyewe. Humtukuzi mtu kwa kumpandia juu ya kazi yake kile alichotumia miaka kumi na mitatu kukiondoa. Wema wenu tunaupokea. Nyasi zenu hapana.

Marehemu ameacha mume, Gratien Kubwimana. Watoto watatu, Alida, Jean-Luc na Trinah. Wajukuu wanne, wa mwisho akiwa Ihirwe mwenye miezi saba. Na mimi, mdogo wake, ambaye sasa sina wa kumpigia simu ninapokasirika. Ameacha pia miche iliyofika magotini, ambayo masika moja zaidi ikiipita salama itaweza kusimama bila sisi.

Tukitoka hapa tunakwenda Kimisagara kunawa mikono, kama ilivyo desturi. Leo maji ya kunawia hayatamwagwa kwenye ruhurura. Kila atakayenawa atachukua maji yake na kushuka nayo mwenyewe hadi kwenye mche, na Alida atamwonyesha upi. Bwana Mutsinzi, beseni la kwanza ni lako. Ukifika chini, utauliza jina la huo mti, na utapanda juu kutuambia.

Mungu ampe Béatha pumziko la amani. Na gari la nyasi la Jumatatu lirudi lilikotoka.