Mlinzi wa Bendera Bado Anangoja

Mgeni rasmi, Kanali mstaafu Kapya; Mama Mkuu wa shule; Ajida Shafi, mkufunzi wetu; wazazi mliotoka mtaa wetu wa Kenya na mitaa ya jirani: jambo kwenu nyote.

KARIBU

Sisi makadeti wa Kikosi cha Mukuba tumefurahi kukuona tena, Kanali. Tunasema tena kwa sababu ulikuja Oktoba iliyopita, jakaranda zilipochanua na ua wote ukageuka zambarau. Asubuhi tulifagia, maua yakaanguka mengine, tukafagia, yakaanguka. Mwishoni Ajida akasema, basi, yaacheni, Kanali atatembea juu yake. Ulitembea juu yake, Mheshimiwa, na buti zako hazikutoa sauti.

HISTORIA NA KANUNI ZETU

Kikosi kilianza miaka sita iliyopita na wanafunzi tisa walioshika mipini ya fagio badala ya bunduki. Leo tuko arobaini na mmoja. Tuna kanuni ishirini na mbili, Ajida aliziandika kwa mkono wake kwenye daftari la bluu, nasi tunazijua kwa moyo. Nywele ziwe fupi, kwa wa kike na wa kiume. Buti zing'ae hata siku ya vumbi. Kadeti hali barabarani akiwa na sare, na hii imetutesa, maana vitumbua vya langoni vinanukia kuliko kanuni zote.

Leo tatu ndizo zenye uzito. Ya kwanza: kadeti hasemi kwamba mkubwa wake amekosea. Ya nne: mlinzi wa bendera haondoki mpaka mgeni aliyekagua gwaride amruhusu kwa kinywa chake, kwa neno moja la Kifaransa, "Rompez." Ajida mwenyewe hawezi kulisema, hiyo ni heshima ya mgeni. Ya tisa: anayekosa mtihani wa kikosi bila ruhusa, jina lake linafutwa.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa ni kadeti Mutale Chileshe, binti wa dereva wa lori, mwenye miaka kumi na saba.

Siku ile ya Oktoba yeye ndiye aliyelinda bendera. Gwaride lilipokwisha simu ilikuita, gari likaja, Ajida akakusindikiza hadi barabarani. Sisi wengine tukavuka kwenda ukumbi wa parokia, maana mtihani ulikuwa saa nane. Mutale akabaki.

Alitusimulia baadaye kwamba mwanzoni alihesabu maua yanayoanguka, kisha yakamshinda. Kivuli cha mlingoti kilikuja polepole, kikapanda buti lake la kulia, kikavuka hadi la kushoto, naye akakisindikiza kwa macho mpaka kikaenda zake. Juu ya ukuta lilionekana bomba refu la moshi la kiwanda na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini. Wingu likaja likavichukua vyote viwili, halafu likachukua mapaa, na ikawa kama mji umeondoka ukamwachia ua na bendera. Hapo ndipo malori yalipoanza kuingia. Aliyaona waziwazi, foleni nzima ya mpakani Kasumbalesa, yakipita mbele yake juu ya maua bila kelele. Katika la mwisho alikuwamo baba yake, ambaye hulala humo wiki nzima akingoja zamu ya kuvuka mpaka. Baba akainua mkono. Mutale hakuinua wake, maana mlinzi wa bendera hapungi mkono.

Claudine, kadeti mwenzake, alikimbia kumwita.

"Mutale, kuya. Banaanza kugawa karatasi."

"Bado habayaniambia rompez."

"Lakini Kanali anaenda. Gari iko mbali sana."

"Basi atarudi. Weye enda, utachelewa."

Mvua ya kwanza ya msimu ilimkuta palepale. Jioni baba Katongo, mlinzi wa lango, akamwendea na mwavuli uliovunjika mbavu mbili.

"Mutoto, uko unangoya nani?"

"Kanali."

Baba Katongo akatazama barabara, akatazama bendera, akaishusha na kuikunja ndani ya koti lake. "Sasa hakuna kitu ya kulinda," akasema. "Enda kwenu, mama." Mutale akaupigia saluti mlingoti mtupu, akaenda.

CHANGAMOTO

Hatuna ngoma. Buti tunaazimana kwa zamu. Paa la stoo linavuja. Hayo tuyaache.

Kesho yake Ajida alimuuliza mbele yetu kwa nini alikosa mtihani. Mutale alinyamaza, kwa kuwa angejibu kweli angekuwa amesema mkubwa wake alisahau. Sisi nasi tulijua, tukanyamaza kwa kanuni hiyohiyo, na ukimya ule unatuuma mpaka leo. Ajida ni mtu wa haki. Alihukumu kwa alichosikia, na hakusikia kitu. Jina la Mutale likakatwa kwa mstari wa penseli, naye akarudisha bereti yake ikiwa imepigwa pasi. Leo, Mheshimiwa, utatia sahihi orodha ya mwaka, na penseli itakuwa wino.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba. Jana tuliyafuta sita.

Kabla ya lililobaki tunaomba radhi. Kwa kusoma risala hii sisi arobaini tumevunja kanuni ya kwanza, kila mmoja kwa hiari yake. Ajida, karatasi uliyoikagua ilikuwa nyingine, ile ya ngoma na buti, utusamehe. Ikibidi majina yafutwe, anza na yetu. Nawe, Mheshimiwa, kuteleza si kuanguka, na hakuna kati yetu anayekuheshimu kidogo kuliko jana.

Mutale hakujua tutasoma nini. Yuko nyuma ya wazazi, chini ya mlingoti, kwa nguo za nyumbani, visigino pamoja. Hakuna aliyempanga pale. Alikuja mwenyewe bendera ilipopandishwa, kwa sababu alisikia kwamba umerudi.

Tunaomba, kabla hujashika kalamu, uende umwambie neno lake. Ni hatua thelathini, tumezipima. Maua hayapo msimu huu, kwa hiyo atakusikia ukija.

Mungu akutangulie njiani na akuzidishie siku.

Ni sisi, Kikosi cha Mukuba: arobaini tuliosimama hapa, na mmoja pale.